Ganzi ya Vidole: Historia ya Dawa Iliyotoka Bukini

Historia ya utabibu aghalabu huandikwa kwa furaha ya ushindi. Husimuliwa maradhi yaliyokuwa yakiua, kisha husimuliwa mtaalamu aliyevumbua dawa, kisha wakahesabiwa waliopona. Hesabu ya namna hiyo ni ya kweli, walakini haijatimia, kwa sababu dawa yenye nguvu haitoi bila kutwaa. Iliyotoa hutangazwa, iliyotwaa hubaki katika mwili wa mgonjwa, nao mwili hauna kalamu. Wahenga walisema kwamba hakuna masika yasiyo na mbu. Insha hii inafuata mbu wa masika moja tu, nayo ni masika ya vinkristini, dawa ya saratani ambayo tangu mwaka 1963 imeokoa watoto wasiohesabika, na ambayo tangu siku zake za kwanza imewaachia wengi wao ganzi katika vidole, udhaifu katika nyayo na maumivu katika mishipa ya fahamu. Swali la historia hii si kama dawa ni njema au mbaya. Wema wake umethibitika. Swali ni jinsi matabibu walivyojifunza, polepole mno, kusikiliza ganzi ambayo haionekani kwa macho.

Mmea uliozaa dawa hii asili yake ni Madagaska, kisiwa ambacho Waswahili wa zamani walikijua kwa jina la Bukini. Ni kichaka kifupi chenye majani yanayong'aa na maua ya petali tano, mengine ya rangi ya waridi na mengine meupe. Kwa uzuri wake ulichukuliwa na wapenda bustani, ukavuka bahari, ukazagaa katika nchi zote za joto, na katika pwani ya Afrika ya Mashariki huota hata mahali ambapo hakuna mtu aliyeupanda. Wataalamu wa mimea sasa huuita *Catharanthus roseus*, lakini jina lake la zamani lilikuwa *Vinca rosea*, na neno hilo la kwanza ndilo lililobaki katika jina la dawa. Watu wa nchi mbalimbali, miongoni mwao Jamaika na Ufilipino, walikuwa wakichemsha majani yake na kunywa maji yake kwa matumaini ya kutuliza kisukari. Hapana aliyedhani kwamba majani hayo yangehusika na saratani.

Mwaka 1952 Robert Noble, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Western Ontario nchini Kanada, alipelekewa na ndugu yake, aliyekuwa daktari, bahasha yenye majani 25 yaliyotoka Jamaika. Aliombwa ayajaribu kwa habari ya kisukari. Panya walionyweshwa maji ya majani yale hawakupungukiwa na sukari katika damu. Walipopigwa sindano ya maji hayo, wengi wao walikufa kwa maambukizo. Mtu mwenye haraka angaliyatupa majani hayo na kuandika kuwa ni sumu. Noble na wenzake walitazama damu ya wale panya wakaona kuwa chembe nyeupe zimepungua sana na uboho wa mifupa umedhoofika. Wakawaza kinyume: kitu kinachopunguza chembe nyeupe kwa mnyama mzima, hakiwezi kupunguza chembe hizo kwa mgonjwa ambaye zimezidi mpaka? Mgonjwa wa namna hiyo ni yule wa lukemia, saratani ya damu. Mwaka 1954 Charles Beer, mwanakemia mzaliwa wa Uingereza, alijiunga na kazi hiyo, na kwa subira kubwa akatenga katika majani kitu kimoja safi kilichokuja kuitwa vinblastini. Habari zake zilisomwa mbele ya wataalamu huko New York mwaka 1958.

Wakati huohuo, pasipo shauri la pamoja, kampuni ya dawa ya Eli Lilly ya Indianapolis nchini Marekani ilikuwa ikiupima mmea uleule. Mwanakemia wake Gordon Svoboda aliutia katika orodha ya mimea ya kujaribiwa, na panya waliotiwa lukemia wakaonekana kuishi zaidi kwa nguvu zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Svoboda akatenga katika majani ndugu wa vinblastini, naye ni vinkristini. Kazi haikuwa nyepesi: ili kupata gramu moja ya vinkristini ilihitajika karibu nusu tani ya majani makavu. Mwaka 1963 serikali ya Marekani ikaruhusu itumike kwa wagonjwa.

Hapa pana jambo la kuangaliwa na msomaji. Vinblastini na vinkristini ni mfano wa pacha. Zimejengwa kwa namna moja, ila mahali pamoja pana kikundi kidogo cha atomi kilichobadilika. Kwa tofauti hiyo ndogo tabia zao zikaachana. Vinblastini huelemea uboho wa mifupa, ikapunguza chembe za damu. Vinkristini huuacha uboho karibu salama, ikaelemea mishipa ya fahamu. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua maisha yote ya dawa hii, heri yake na shari yake.

Ili kuelewa kwa nini dawa ya chembe za saratani iguse mishipa ya fahamu, yapasa kwanza kuelewa jinsi inavyoua. Kila chembe ya mwili inapotaka kujigawa kuwa mbili hujenga ndani yake nyuzi nyembamba mno, zilizofumwa kwa protini iitwayo tubulini. Nyuzi hizo huvuta urithi wa chembe huku na huku, ili kila mtoto apate fungu lake. Vinkristini hushikamana na tubulini ikazuia nyuzi zisijengeke. Chembe iliyokwisha kujitayarisha kugawanyika husimama katikati, haiwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, hatimaye hufa. Na kwa kuwa chembe za saratani hujigawa bila kupumzika, hizo ndizo zinazonaswa kwa wingi.

Lakini chembe za fahamu za mtu aliyekwisha kuzaliwa aghalabu hazijigawi tena. Mtu angedhani basi kwamba zimo salama. Haziko salama, kwa maana nazo zina nyuzi za tubulini, ila kwa kazi nyingine. Chembe ya fahamu inayohudumia kidole cha mguu ina makao yake karibu na uti wa mgongo, na mkia wake huteremka mpaka kwenye kidole, umbali ambao kwa mtu mzima hupita mita moja. Chakula na vifaa vyote vya mkia huo hutengenezwa makaoni, kisha husafirishwa mpaka mwisho kwa kufuata nyuzi hizo. Mfano wake ni misafara ya wapagazi iliyokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Njia ikiharibika, wa kwanza kupatwa na njaa si mtu wa Bagamoyo, ni yule wa mwisho wa safari. Ndivyo ilivyo kwa mishipa ya fahamu. Iliyo mirefu zaidi ndiyo hutangulia kuumia, na ncha zake ndizo hutangulia kunyamaza. Kwa hiyo dawa haikukosea shabaha. Uzi uleule unaokatwa katika saratani ndio unaokatwa katika mshipa wa fahamu. Kuponya na kudhuru ni tendo moja lililofanyika katika nyumba mbili.

Dalili zake hufuata mpango huo kwa uaminifu wa kushangaza. Daktari akigonga kano ya kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira, mguu wa mtu mzima wa afya hurusha wayo. Mguu wa aliyetumia vinkristini kwa majuma machache hukaa kimya. Kisha mgonjwa husikia kama sisimizi wanamtambaa katika vidole, baadaye ganzi, pengine na mchomo. Kufunga vifungo vya shati huwa taabu, kuokota sindano huwa muhali. Nguvu za kuinua wayo hupungua, akawa anaburura miguu na kujikwaa mahali palipo sawa. Mishipa inayoendesha tumbo nayo hulegea, mgonjwa akafunga choo kwa siku nyingi na kuumwa tumbo. Wengine huumwa taya siku chache baada ya sindano ya kwanza. Wachache hulegea kope za macho, au sauti zao hukwaruza. Dawa ikiachwa, wengi hupata nafuu kwa miezi, ingawa pengine hali huzidi kwa majuma kadhaa kabla ya kuanza kupungua, na wapo ambao miguu yao hairudii hali ya kwanza.

Mambo haya yalijulikana mapema. Hayakufichwa na mtu. Walakini yalipimwa katika mizani ya wakati ule, na mizani ya wakati ule ilikuwa nzito upande mmoja. Kabla ya mwaka 1948, mtoto aliyeshikwa na lukemia kali alikufa kwa majuma au miezi michache. Mwaka huo Sidney Farber wa Boston alionyesha kuwa dawa inaweza kuirudisha nyuma, lakini kwa muda tu. Dawa zilizofuata zilikuwa na kizuizi kimoja: karibu zote zilidhuru uboho, na mbili zenye kudhuru uboho hazikuweza kuunganishwa kwa kiasi kikubwa bila kumwua mgonjwa. Ndipo ilipokuja vinkristini, ambayo madhara yake yalikuwa mahali pengine. Mwaka 1962, katika Taasisi ya Taifa ya Saratani huko Bethesda, Emil Frei na Emil Freireich walianza kuunganisha dawa nne kwa wakati mmoja, vinkristini ikiwa mojawapo. Mwaka 1964 Vincent DeVita na wenzake katika taasisi hiyohiyo walianza kufanya vivyo hivyo kwa saratani ya Hodgkin. Katika mipango hiyo miwili vinkristini ilipata nafasi kwa sababu mbili: iliua saratani, na iliuacha uboho. Yaani kudhuru kwake mishipa ya fahamu, badala ya damu, kulikuwa sehemu ya sifa yake. Miguu ya mtoto ililipa deni ambalo uboho wake usingaliweza kulilipa.

Ni vigumu kuwalaumu matabibu wa miaka hiyo. Aliyekuwa akizika watoto kila juma hawezi kuitazama ganzi ya vidole kwa jicho la mtu aliyekaa kwa amani. Lakini jambo linalofaa kuangaliwa ni namna gharama ilivyoanza kuonekana kadiri ushindi ulivyozidi. Maadamu mgonjwa alikufa, hakuna aliyeuliza kama angetembea vizuri baada ya miaka kumi. Alipoanza kuishi, swali likazaliwa pamoja na uhai wake. Mwaka 1969 wataalamu wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 50 wa lukemia waliotumia vinkristini, wakaeleza kwa utaratibu jinsi mishipa yao ilivyodhurika. Wengine wakafuata kwa kupima umeme wa mishipa na kutazama vipande vyake kwa darubini. Katika hospitali nyingi ikawa desturi kutovuka miligramu mbili kwa sindano moja, hata mgonjwa awe mkubwa kiasi gani. Mpaka huo ulilinda mishipa ya wengi. Lakini ulitokana na hofu ya haki kuliko hesabu kamili, na baadaye wataalamu wakabishana kama haukuwapunja wagonjwa wengine dawa waliyoihitaji.

Historia hii ina mlango mwingine, nao uko Kampala. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, aliitwa na mwenzake kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka uliofuata alichapisha habari za uvimbe huo, na mwaka 1961 akafunga safari ya gari ya maili elfu kumi na wenzake wawili, kutoka Uganda mpaka Afrika ya Kusini, wakiuliza katika kila hospitali kama umepata kuonekana. Ugonjwa huo ukachukua jina lake, ukaitwa limfoma ya Burkitt. Upasuaji haukuufaa kitu, na mashine ya mionzi haikuwako Mulago. Basi ilibaki dawa, na Burkitt alizijaribu zile alizoweza kuzipata, miongoni mwake vinkristini, ambayo matokeo yake aliyachapisha mwaka 1966. Uvimbe uliokuwa umefunika uso wa mtoto uliyeyuka kwa siku chache. Wengine walipona kabisa kwa sindano chache tu, jambo lililowashangaza mabingwa wa ng'ambo. Mwaka 1967 kikafunguliwa Kampala kituo cha tiba ya ugonjwa huo kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ya Bethesda, chini ya John Ziegler, na kituo hicho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Ziegler alipoondoka mwaka 1972, katika siku ngumu za utawala wa Idi Amin, kazi ilishikwa na daktari Mganda, Charles Olweny, akaiendeleza kwa uchache wa vifaa na wingi wa moyo.

Kampala ilifundisha somo ambalo katika nchi nyingine halikuonekana kwa uwazi kama huo. Limfoma ya Burkitt yenyewe hupenda kuingia katika makao ya fahamu. Mtoto huweza kupooza upande wa uso, kulegea kope, au kupoteza nguvu za miguu kwa sababu ugonjwa umeubana uti wa mgongo. Hizi ni dalili ambazo vinkristini nayo inaweza kuzileta, na hata maumivu ya taya, mahali ugonjwa ulipoanzia, yanaweza kuwa ya dawa. Tabibu aliyesimama kando ya kitanda alikuwa na maswali mawili yenye majibu yanayopingana. Ikiwa kope imelegezwa na ugonjwa, hapana budi dawa iongezwe. Ikiwa imelegezwa na dawa, hapana budi ipunguzwe. Kukosea upande mmoja ni kumwacha mtoto auawe na saratani. Kukosea upande wa pili ni kumzidishia sumu. Hapo hapakuwa na njia ila kumjua mtoto vizuri kabla ya sindano ya kwanza: kugonga kano zake, kumtazama akitembea, kumwuliza mama yake alikuwaje nyumbani. Uangalifu huo hauhitaji mashine ya gharama. Unahitaji saa, macho na masikio.

Tiba ya ugonjwa uliokwisha kuingia kichwani na uti wa mgongo ilifungua hatari kubwa kuliko zote. Dawa nyingine, methotreksati, ilidungwa ndani ya maji yanayouzunguka uti wa mgongo, ili ifike mahali ambapo dawa za mshipa wa damu hazifiki. Katika mipango mingi ya tiba mgonjwa alipata siku moja sindano mbili: methotreksati katika uti wa mgongo na vinkristini katika mshipa wa damu. Zikibadilishana mahali, hakuna marekebisho. Vinkristini ikigusa uti wa mgongo huunguza fahamu kuanzia chini kwenda juu, na karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Ajali ya namna hiyo iliandikwa katika majarida ya utabibu tangu mwaka 1968. Haikuwa ya kwanza na ya mwisho. Ilijirudia katika nchi tajiri na nchi maskini kwa miongo kadhaa, aghalabu mikononi mwa watu wenye elimu waliokuwa wamechoka. Onyo liliandikwa juu ya chupa, na onyo halikutosha. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwamba vinkristini isitiwe katika bomba la sindano kabisa, bali itiwe katika mfuko mdogo wa maji na kudondoshwa mshipani, maana mfuko hauwezi kufananishwa na sindano ya uti wa mgongo. Hekima yake ni nyepesi, na ilichukua karibu miaka arobaini kukubaliwa: mwanadamu hawezi kuapizwa asikosee, lakini chombo kinaweza kutengenezwa ili kosa lisipate njia.

Muda huo wote lilibaki fumbo jingine. Kwa nini watu wawili wapewe kiasi kimoja cha dawa, mmoja aondoke akitembea na mwingine akiburura miguu? Majibu yalikuja kidogokidogo. Iligunduliwa kwamba baadhi ya watu wana ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu, uitwao kwa majina ya Charcot, Marie na Tooth waliouandika mwaka 1886, nao ni mpole kiasi cha kutojulikana. Vinkristini ikiwaingia, huwaangusha kwa ghafla. Kwa hiyo tabibu aliyeuliza kama katika ukoo wapo wenye nyayo zilizojikunja au mwendo wa kuyumba aliweza kuepusha msiba kwa swali moja. Iligunduliwa pia kwamba baadhi ya dawa za kuvu, kama itrakonazoli, huzuia ini lisiivunje vinkristini, ikakaa mwilini kupita kiasi.

Jambo la ini likaleta somo kubwa zaidi. Vinkristini huvunjwa kwa vimeng'enya viwili vya jamaa moja, na kimojawapo, CYP3A5, hakifanyi kazi sawa kwa watu wote. Wengi wenye asili ya Ulaya wamerithi jeni isiyokitengeneza kwa wingi, ilhali wengi wenye asili ya Afrika wanakitengeneza. Watafiti wa Marekani waliona kuwa watoto weupe wenye lukemia walipata madhara ya mishipa ya fahamu mara nyingi kuliko watoto weusi waliotibiwa kwa dawa ileile. Swali hilo likapelekwa Kenya. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, watoto 78 wa Kenya wenye saratani walipimwa, na asilimia 91 kati yao walikuwa na jeni inayotengeneza kimeng'enya hicho kwa wingi. Madhara ya mishipa yalikuwa machache kwa jumla, na wale wachache wasio na jeni hiyo ndio waliobaki na dawa nyingi zaidi mwilini, ingawa hawakuonekana kuumia zaidi ya wenzao. Wachunguzi wakauliza kama watoto wengi wa Kenya hawakuwa wakipewa dawa pungufu ya ile ambayo ingewafaa.

Yafaa kutua hapa na kutafakari. Mpaka wa miligramu mbili ulitokana na miguu ya wagonjwa wa nchi nyingine. Uliposafiri mpaka Afrika ulionekana kuwa sheria ya maumbile, na kumbe ulikuwa hesabu ya watu fulani, wa mahali fulani. Mtoto wa Mwafrika aliyepewa kipimo hicho huenda alisalimika miguu, lakini pengine aliipunguzia saratani yake adhabu. Hili halijakatwa shauri bado, na si la kukatwa kwa pupa, kwani walikuwapo katika kundi hilohilo watoto ambao nyongeza huenda ingewaumiza. Rangi ya ngozi haisemi jeni ya mtu mmoja. Lakini limeonyesha kwamba kumsikiliza mgonjwa hakuishii katika kumwuliza anahisi nini. Ni pamoja na kumhesabu. Asiyehesabiwa hupewa kipimo cha mwingine.

Vinkristini haikubaki peke yake. Sisplatini, iliyotokana na uchunguzi wa Barnett Rosenberg ulioanza kuzaa matunda mwaka 1965, iliponya saratani ya korodani kwa vijana wengi na kuwaachia ganzi na uziwi wa sauti nyembamba. Pakilitakseli, iliyotoka katika gome la mti wa Marekani, hushika tubulini ileile, ila badala ya kuzuia nyuzi zisijengeke huzigandisha zisivunjike. Nayo huleta ganzi ya mikono na miguu. Oksaliplatini humfanya mgonjwa aogope maji ya baridi, kwa kuwa huyasikia kama miiba kooni na vidoleni. Kila moja ina habari zake, na zote zimeuliza swali lilelile.

Majibu ya utabibu kwa swali hilo bado ni mafupi. Mwaka 2013 jaribio la wagonjwa 231 lilionyesha kuwa duloksetini hupunguza maumivu ya mishipa iliyodhurika kwa dawa za aina ya pakilitakseli na sisplatini. Hupunguza, haiondoi. Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitika kuzuia madhara hayo yasitokee. Silaha kubwa imebaki ileile ya kale: kupunguza kiasi au kukawiza sindano kabla mshipa haujafa, na ili kufanya hivyo hapana budi kujua mapema. Lakini kujua kumekuwa kugumu kuliko ilivyodhaniwa. Daktari huweka alama moja katika daftari, mgonjwa akiulizwa mwenyewe huweka nyingine, na mara nyingi ya mgonjwa ndiyo nzito. Mwaka 2005 wataalamu wa Ulaya walitunga maswali 20 ambayo mgonjwa hujijibia mwenyewe: kama ana taabu ya kushika kalamu, kama anaijua ardhi chini ya nyayo zake, kama anatambua maji ya moto na ya baridi. Ilikuwa miaka 42 tangu vinkristini kuruhusiwa. Hesabu hiyo yasema mengi kuliko maelezo marefu.

Na bado maswali ya karatasi humfaa mtu mzima anayeweza kusoma. Mtoto wa miaka minne hajui neno ganzi. Yeye huacha kupanda ngazi, huomba kubebwa, hukataa kula kwa sababu taya lamwuma, hulia akivalishwa viatu. Asiyemjua atasema amedeka. Mama hasemi hivyo, maana anajua mwendo wa mwanawe tangu hatua ya kwanza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na kwa mtoto asiyeweza kuwataja kunguni hao, shahidi wa pekee ni yule anayelala karibu na kitanda. Hospitali inayomfukuza shahidi huyo kwa saa za kuwatazama wagonjwa inajinyima kipimo ambacho mashine haijaweza kukishinda.

Hivyo ndivyo ua dogo la Bukini lilivyozunguka dunia. Lilianza katika bahasha ya majani 25, likawa chupa ya sindano, likafika Mulago na Eldoret, karibu tena na kisiwa lilikotoka. Katika nchi zenye uwezo, watoto tisa katika kumi wenye lukemia kali ya kawaida ya utotoni sasa huishi, na vinkristini ingali nguzo mojawapo ya tiba hiyo. Hakuna mwenye akili atakayetaka kuing'oa. Lakini aliyepona ana haki ya kuulizwa amepona vipi. Mtoto anayerudi shuleni bila uvimbe tayani, ila hawezi kushika kalamu vizuri, hajamaliza ugonjwa wake. Ameubadilisha kwa mwingine ulio mdogo zaidi, na udogo huo yeye ndiye awezaye kuupima. Utabibu ulihitaji muongo mmoja hivi kujifunza kuua chembe ya saratani kwa dawa hii. Kujifunza kumwuliza mgonjwa vidole vyake vikoje kumechukua muda mrefu zaidi, na somo hilo halijesha.